Kamera Imesimama Upande wa Nani?

Chukua tukio ambalo mtazamaji yeyote wa Bongo Movie atalitambua. Mwenye nyumba anamgongea mpangaji wake kule Tandika, Temeke, anadai kodi ya miezi sita. Mpangaji hana kitu. Kwenye skripti mazungumzo yao hayazidi mistari minne. Mistari hiyo bado haijatuambia tumwonee nani huruma. Hilo wataliamua kameramani, mtu wa taa na fundi wa sauti.

Tuanze na kamera. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati na vyumba huku na huku. Kamera ikikaa koridoni, nyuma ya bega la mwenye nyumba, tunamwona mpangaji kwa jicho la mdai: mtu aliyebanwa mlangoni, nyuma yake kitanda, ndoo na jiko. Ihamishie chumbani, ishushe usawa wa mpangaji aliyeketi kitandani, na mwenye nyumba ataziba mlango mzima, kichwa kikikaribia dari. Hakuna neno lililobadilika, lakini sasa tunaogopa pamoja na mpangaji. Wanafunzi wa filamu hufundishwa kwamba kamera ikitazama kutoka chini humkuza mtu, na ikitazama kutoka juu humdogosha. Ni kweli, ila kabla ya hapo kuna swali: ukubwa huo unauona nani?

Filamu nyingi za enzi za mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilipigwa haraka ndani ya nyumba za watu, Sinza na Kinondoni, kisha zikauzwa kwa VCD na DVD kupitia wasambazaji wa Kariakoo. Mara nyingi kamera iliwekwa mbele ya kochi, waigizaji wakaongea mpaka maneno yakaisha. Kamera ya hivyo haina upande. Tusiibeze moja kwa moja, maana sebule yenyewe ilikuwa inasema: kochi la ngozi na runinga kubwa vilimpa mtazamaji wa Manzese nafasi ya kuingia kwa matajiri bila kubisha hodi. Lakini mtu akilia kwenye kochi hilo, picha haikuwa na njia ya kutusogeza karibu naye. Linganisha na *Binti* ya Seko Shamte (2021), inayowafuata wanawake wanne wa Dar es Salaam. Kila mmoja ana sehemu yake, kwa hiyo mtazamaji anajua mapema anasimama na nani.

Mwanga nao una tabia zake hapa kwetu. Dar es Salaam iko nyuzi zisizofika saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri huwa karibu na utosi. Paji la uso hutupa kivuli machoni, na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo mawili. Ndiyo sababu matukio ya nje hupigwa asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi. Jioni haisubiri mtu: jua likishazama, giza halichukui nusu saa.

Ndani, chumba cha kupanga kina zawadi ambayo watengeneza filamu wengi huizima kwa kuwasha tyubu ya darini: dirisha moja dogo. Mkalishe mpangaji ubavuni mwa dirisha hilo. Nusu ya uso itaonekana na nusu itabaki gizani, nasi tutahisi kuna jambo hajalisema. Ngozi nyeusi hupendeza zaidi kwa mwanga wa ubavuni unaoakisiwa, kuliko kummulika mtu usoni kwa taa kali. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa Shirley, na nyuso zetu zikatoka kama doa lenye meno. Waliotengeneza *Moonlight* (2016) kule Marekani waliwapaka waigizaji mafuta ili ngozi ishike mwanga. Temeke kazi hiyo inawezekana kwa mafuta ya mgando na shuka jeupe lililoshikwa na msaidizi.

Tatizo kubwa zaidi, na utajiri mkubwa zaidi, ni sauti. Uswahilini hakuna kimya. Kuna bodaboda, adhana, singeli kwa jirani, muuza kahawa anayegonganisha vikombe, muuza sigara anayechezesha sarafu. Maiki iliyo juu ya kamera huviokota vyote pamoja, maneno yakapotea, na mtayarishaji akafunika aibu kwa kinanda cha huzuni kinachotutoa machozi kabla hatujapata sababu ya kulia. Dawa ni maiki ya bumu karibu na mdomo, na sauti za mtaa kurekodiwa peke yake. Hapo fundi anaweza kuchagua. Mwenye nyumba akitaja deni huku singeli ya jirani ikiendelea, tunaelewa kuwa mtaa hauna habari na shida ya mtu. Singeli ikikatika ghafla, tumeingia kichwani mwa mpangaji.

Anayeona sauti ni kiungo cha ziada na akumbuke vibanda vya video vya miaka ya 2000, ambako Lufufu alijipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Watu walilipa kiingilio kumsikiliza yeye. Picha zilitoka ng'ambo, lakini ucheshi na hukumu juu ya mhusika vilikuwa vya Dar es Salaam.

Ukitaka kupima filamu, chagua tukio moja. Litazame ukiwa umezima sauti: kama huwezi kujua nani anamwogopa nani, kamera na taa hazijafanya kazi. Kisha lisikilize bila kutazama: kama huwezi kujua uko Temeke au Masaki, fundi wa sauti anadaiwa. Watayarishaji watasema hela hakuna, na ni kweli. Bajeti ndogo inaeleza kwa nini taa ni moja. Haielezi kwa nini taa hiyo imewekwa mahali pasipo na sababu.