Foleni ya Mawe

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyetoka nyumbani alfajiri Dar es Salaam aliweza kukuta mawe na matofali yamejipanga mstari mbele ya duka lililofungwa. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. Mama fulani aliliweka lake usiku, akarudi kulala kidogo, akiomba sabuni ije, na jirani asilisogeze. Duka likifunguliwa, watu waliwahi nafasi kwanza na kuuliza baadaye kinachouzwa ni nini.

Wachumi wakisimulia kipindi hicho hutaja nakisi ya bajeti na uhaba wa fedha za kigeni. Ni kweli, lakini hesabu hizo hazilielezi jiwe. Kubana matumizi huanzia hazina, kisha hutanda mtaani kama wingu. Kiswahili kina neno linalolingana na jambo hilo: hali. Ndiyo ya mgonjwa, ndiyo ya mfuko, ndiyo ya hewa. Mwaka 2009 mwanajiografia Ben Anderson, wa Chuo Kikuu cha Durham nchini Uingereza, aliandika kuhusu hisia za namna hiyo, zinazotanda mahali bila kuwa za mtu mmoja.

Kwa Tanzania, wingu lilikusanyika upesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapaa. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Ili kuokoa mafuta, magari ya binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, na mji ukanyamaza kama uliofiwa.

Watu walifulia majani ya mpapai na kuvaa katambuga za matairi. Unga wa mahindi ya njano uliotoka nje waliubatiza jina la Yanga, kwa rangi ya jezi ya timu hiyo ya soka.

Utani huo ulikuwa na mwenzake: shaka. Pesa ilikuwepo mfukoni, bidhaa hazipo dukani. Basi lazima kuna mtu amezificha. Machi 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi. Ghafla katoni ya sabuni uvunguni ikawa ushahidi. Wapo waliotupa mali zao usiku, vichakani na majini, kuliko kukutwa nazo. Aliyebahatika kupata kilo mbili za sukari aliibeba ameifunika, asije akaulizwa ameitoa wapi.

Kisha mambo yakageuka. Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango kwa mitumba na kwa bidhaa za wenye fedha zao za kigeni, na mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa, ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Rafu zikajaa. Dola iliyokuwa takriban shilingi 17 mwaka 1985 ikakaribia 200 mwaka 1990.

Sasa sabuni ipo, pesa hakuna. Ukata huu una ladha nyingine kabisa. Kwenye foleni dhiki ilikuwa ya wote, na wenye mawe walipiga soga wakisubiri duka lifunguliwe. Mbele ya rafu iliyojaa, mtu husimama peke yake na bei. Shaka kwa jirani ikapungua, aibu ikaongezeka. Walimu na makarani, ambao mshahara wao haukufika katikati ya mwezi, wakaanzisha miradi: kuku uani, maandazi, ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza katika hospitali za serikali, hesabu ya mfukoni ikamfuata mgonjwa hadi dirisha la dawa.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, Rais John Magufuli alibana tena. Sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 ziligeuzwa siku ya usafi, safari za nje zikazuiwa, mikutano ya serikali ikaondolewa hotelini, na mwaka uliofuata amana za taasisi za umma zikahamishwa kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Wengi walifurahia kuona vigogo wakibanwa. Lakini posho ya mkutano ilikuwa pia pesa ya mpishi, ya dereva wa teksi na ya muuza vocha nje ya geti.

Hapo mtaa ukapata msemo wake: vyuma vimekaza. Utazame vizuri. Mwaka 1983 lawama ilikuwa na jina, mlanguzi. Vyuma hivi vimekaza vyenyewe. Sentensi haina mkazaji. Katika miaka ambayo watu walishtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa maneno waliyoandika kuhusu Rais, upungufu huo wa kisarufi ulikuwa na faida yake. Ukimuuliza mtu habari za leo, alijibu kwa kicheko kwamba vyuma vimekaza. Nawe ukamshauri atafute grisi, mkaachana, kila mmoja akijua kilichosemwa.