Selo Inapolia (Sehemu ya Pili): Ombolezo la Fauré

Juma lililopita tulikitazama chombo chenyewe: selo, fidla kubwa inayobanwa kati ya magoti, yenye nyuzi 4. Leo tuisikilize ikilia.

Gabriel Fauré, Mfaransa, alitunga «Élégie», yaani ombolezo, mwaka 1880. Alikusudia iwe kipande cha polepole ndani ya sonata. Sonata haikukamilika, kipande kikabaki peke yake, kikachapishwa 1883. Wapigaji ni wawili tu, wa selo na wa piano, na kwa dakika kama 7 kila kitu kimekwisha semwa.

Mtu wa Likasi aliyewahi kukaa kwenye kilio, Kikula au Panda, atautambua mwanzo wake bila kufundishwa. Ndugu anapowasili kutoka safari, sauti yake hupanda akiwa bado mlangoni, kisha hushuka kadiri anavyoketi. Selo nayo inaingia kwa nguvu, juu, halafu inateremka hatua kwa hatua katika do mineri. Mara inarudia maneno yale yale kwa kunong'ona. Kwangu mimi uchungu wote uko kwenye mnong'ono huo: aliyepaza sauti alikuwa bado anakataa, huyu ameshajua.

Chini ya selo piano inagonga kwa mwendo mmoja, kama hatua za wabeba jeneza. Haibembelezi. Inakaa na mfiwa, basi.

Katikati piano ndiyo inayoanzisha wimbo mpya, mpole, katika la bemoli. Ni ile saa ya usiku wa matanga ambapo mtu anakumbuka marehemu alivyokuwa akitembea, na wengine wanatabasamu. Selo inaupokea wimbo huo, inaharakisha, inapasuka. Wimbo wa kwanza unarudi kwa nguvu zote, na safari hii hata piano imepoteza utulivu. Mwishoni ule wimbo mpole unapita tena kidogo, kwa mbali, kisha kimya.

Wasomaji huniuliza watatenganishaje sauti hizo mbili, ya selo na ya piano. Masikio yenu yamezoea tayari. Mwaka 1952, mji huu wa Likasi ukiitwa Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi hapa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco: kidole gumba kikishika besi, kingine kikiimba juu, gitaa moja likisema kwa midomo miwili. Sikilizeni hivyo hivyo. Wala selo si ngeni nchini: Orkestra ya Kimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa 1994, inayo, na uzi ulipokatika wapigaji wake walifunga waya wa breki ya baiskeli.

Fauré aliurudia msiba uzeeni, masikio yake yakiwa yameharibika. Mwaka 1921 aliombwa muziki wa kukumbuka miaka 100 tangu kifo cha Napoleon, akautunga, kisha akaugeuza kuwa kipande cha polepole cha sonata yake ya pili ya selo. Tutaanzia hapo juma lijalo.