Kikao cha ukoo kimehamia simuni, wazee tumewaacha barazani

Zamani msiba ukitokea Ifakara, mjumbe alitumwa nyumba kwa nyumba, na nyumba ya kwanza kufikiwa ilikuwa ya mzee wa ukoo. Yeye ndiye aliyesema kaburi lichimbwe wapi, nani asubiriwe na nani aende kuwapokea wageni wanaoshuka na treni ya TAZARA. Leo taarifa inaingia kwanza kwenye grupu la WhatsApp. Mtoto aliyeko Dar es Salaam ameshaandika pole, wa Mlimba ameshaahidi mchele, wa Mahenge ng'ambo ya mto ameuliza maziko ni saa ngapi, na orodha ya michango inasogea chini kwa majina na kiasi. Mzee mwenye simu yake ndogo ya kitochi mfukoni anapigiwa mambo yakiwa yameshaamuliwa. Anaarifiwa tu, haulizwi.

Kwa hiyo naliona suala la kuwafundisha wazee mitandao ya kijamii kuwa ni haki yao ndani ya familia. Wapo wanaolichukulia kama anasa ya watu wa mjini, na wapo wanaosema kwa upole kabisa, "Bibi atayaweza wapi hayo?" Mimi nakataa, na bonde hili letu la Kilombero lenyewe lina ushahidi.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakati karibu theluthi mbili ya Watanzania wazima hawakujua kusoma. Watu walijifunza herufi chini ya miembe, jioni, mikono ikiwa bado na tope la shamba. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na mwaka 1997, mradi wa KINET ulipoanza kuuza vyandarua na dawa ya kuvichovya kwa jina la Zuia Mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, waliojifunza kuchanganya dawa kwenye beseni ni hawa hawa wanaoitwa leo bibi na babu. Hawakupewa somo la kemia. Walionyeshwa, wakajaribu kwa mikono yao, wakarudi nyumbani wakachovya chandarua cha mtoto.

Simu nayo ifundishwe hivyo hivyo, kwa kikundi, kwa jambo lenye haja, mkono wa mwanafunzi ukiwa kazini.

Tuanze na huo mkono. Kioo cha simu janja hakisikii nguvu, kinasikia jinsi ngozi inavyopitisha umeme. Kidole kilichoshika jembe miaka hamsini kina ngozi nene na kavu, pengine imepasuka, na kioo hakikitambui vizuri. Mzee anagusa mara ya kwanza, kimya. Anagusa tena, kimya. Anakandamiza kama alivyozoea kubonyeza vitufe vya kitochi, anashikilia, na ghafla picha ndogo za programu zinaanza kuhama au simu inamuuliza kama anataka kufuta programu. Hapo anaiweka mezani na kusema, "Hii simu yenu hainitaki." Kumbe dawa yake ni ndogo. Alowanishe kidole kidogo kisha akifute, atumie nyama ya kidole badala ya ncha yenye kucha, aguse na kuachia papo hapo. Kama kioo kimebandikwa plastiki nene ya kukilinda, ibanduliwe. Kisha fungueni mipangilio mkuze maandishi hadi ayasome bila kuisogeza simu mbali na uso, na lugha iwe Kiswahili, maana WhatsApp inayo. Nusu ya kinachoitwa ubishi wa wazee huisha hapo.

Somo la kwanza liwe ujumbe wa sauti. Asiyejua kuandika anaongea, na anayejua lakini macho yameingiwa na mtoto wa jicho anaongea pia. Ashikilie alama ya kipaza sauti, aseme, aachie, imekwenda. Nimewasikia wazee wakituma sauti ya dakika tatu ambayo dakika mbili za mwanzo ni salamu: wajukuu hawajambo, mvua huku imeanza, na mama mkwe wako anaendeleaje na miguu. Vijana huruka mbele. Wasiruke. Huyo ndiye mtu pekee kwenye grupu anayekumbuka kuuliza kuhusu miguu.

Kosa kubwa tunalifanya sisi wafundishaji. Mjukuu anaulizwa, anaichukua simu, vidole vinakimbia, anairudisha: "Tayari, babu." Babu hajaona kitu na kesho ataona aibu kuuliza tena. Mwalimu akae mikono mapajani, aelekeze kwa mdomo. Akikosea babu, arudi mwanzo mwenyewe. Na afundishwe pamoja na wenzake wawili watatu, maana mzee akimwona jirani yake wa rika moja anatuma picha ya mjukuu, hofu inapungua kuliko kwa maelezo ya kijana yeyote.

Kuna suala la bando. Grupu la ukoo hujaa video, na simu ikiachwa izipakue yenyewe, kifurushi cha wiki kinakwisha kwa siku moja na mzee anadhani ameibiwa. Zimeni upakuaji huo siku ile ile ya kwanza.

Wezi wa kweli wapo, na lazima tuwaseme bila kuwatisha wanafunzi wetu. Karibu kila Mtanzania ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukimkuta mzee anayesubiri kumtumia mtoto ada, anatuma. Kwenye WhatsApp wanakuja na picha ya ndugu unayemfahamu na shida ya ghafla. Sheria iwe moja isiyobishaniwa: ombi la fedha likija kwa maandishi, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, usikie sauti, uulize jambo la nyumbani. Namba ya siri ya pesa haipewi mtu, hata wakala, hata mjukuu mpendwa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inapokea taarifa za matapeli ukituma neno UTAPELI kwenda 15040, na *106# inamwonyesha mtu laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Hili la pili lifanyeni pamoja na mzee wenu, kwani wapo wazee wanaobeba laini wasizozijua.

Halafu kuna jambo la huku kwetu bondeni. Wakati wa mpunga, familia nyingi huhamia mashamba ya mbali kuanzia kupanda hadi kuvuna, zinakaa kwenye dungu na kuwinga ndege, mtandao wa kubahatisha na chaji ya kutegemea paneli ndogo ya jua. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Mgeni huyo anaweza kuifungua WhatsApp kwa namba ile na kujikuta ndani ya grupu la ukoo, akisoma nani amechanga kiasi gani. Basi kabla mzee hajaenda shamba, wekeni uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp kwa tarakimu anazozikumbuka mwenyewe, mpeni vocha ya kupiga japo simu moja kila mwezi, na msimamizi wa grupu aandike jina la mtu wa kumpelekea habari shambani kwa baiskeli au pikipiki. Kikao kizito, cha shamba au cha mahari, kisubiri sauti yake ifike ndipo kifungwe.