Kingoni au Chingoni? Sauti jirani zinavyoambukizana kinywani

MGENI anayeingia katika Manispaa ya Songea hukutana mapema na tofauti ndogo ya matamshi. Kwa Kiswahili lugha ya wenyeji huitwa Kingoni, lakini wenyewe, wakizungumza kwa lugha yao, husema Chingoni. Mashariki ya mkoa huo wa Ruvuma, wilayani Tunduru, Kiyao nacho kwa wenyewe ni Chiyao.

Wapo wanaoichukulia "chi" hiyo kuwa ni ulimi mzito wa watu wa Kusini. Mtoto anayeihamishia kwenye imla, akaandika "chitu" badala ya "kitu", hurudishiwa daftari lenye alama nyekundu, na pengine kicheko cha wenzake. Kosa la tahajia ni kosa, wala hakuna haja ya kulitetea. Kicheko ndicho kisicho na msingi, kwa kuwa sauti hiyo imezaliwa na kanuni ileile iliyokijenga Kiswahili sanifu.

Kinywa hakitamki sauti moja kikaimaliza ndipo kikaanza nyingine. Msomaji anaweza kujipima mwenyewe kwa kutamka polepole "kiti" na "kuku". Katika neno la pili midomo huwa imekwisha kuviringana kwa ajili ya "u" kabla "k" haijatoka. Katika la kwanza midomo hutanuka, na ulimi hugusa kaakaa mbele zaidi, kwa sababu "i" ni irabu ya mbele. Herufi ni moja, lakini sauti zilizotoka ni mbili.

Irabu nazo huvutana, hata zikitenganishwa na konsonanti. Mwaka 1984 watafiti Sharon Manuel na Rena Krakow walilinganisha Kiswahili, Kishona na Kiingereza, wakaona kwamba irabu za lugha hizo mbili za Kibantu huathiriwa zaidi na irabu jirani kuliko za Kiingereza. Maelezo yao yanaingia akilini: lugha yenye irabu tano tu ina nafasi kubwa kati ya irabu moja na nyingine, hivyo "a" inaweza kusogea kidogo bila kudhaniwa kuwa "e". Kwa mantiki hiyo Kimatengo cha Mbinga, chenye irabu saba, kingetarajiwa kuwa na uhuru mdogo kuliko Kingoni, ambacho kina tano.

Sikio, kwa upande wake, limezoea mchanganyiko huo kiasi kwamba haliusikii. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1952, Alvin Liberman na wenzake wa maabara ya Haskins, Marekani, waliunganisha mlio mmoja mfupi na irabu tofauti. Mlio huohuo ulisikika kama "p" mbele ya "i" na "u", lakini kama "k" mbele ya "a". Mwaka 1980 Virginia Mann naye alionyesha kwamba silabi iliyo katikati ya "da" na "ga" husikika zaidi kama "ga" ikitanguliwa na "al" kuliko ikitanguliwa na "ar". Kwa maneno mengine, msikilizaji huihesabu athari ya jirani na kuiondoa, bila mwenyewe kujua.

Lakini hesabu hiyo huweza kukosewa. Mwanaisimu John Ohala alieleza mwaka 1981 kuwa mabadiliko mengi ya lugha huanzia hapo: msikilizaji akidhani kwamba "k" iliyosogezwa mbele na "i" ndiyo sauti aliyokusudia msemaji, naye atakapotamka ataisogeza zaidi. Vizazi vikipita, "ki" hugeuka "chi". Ndivyo Kilatini kilivyozaa Kiitaliano, ambamo "k" ya kale mbele ya "i" na "e" leo ni "ch".

Kiswahili sanifu kilipita njia hiyohiyo, ila kiliishia nusu. Kiambishi "ki" kikikutana na irabu nyingine hugeuka "ch", ndiyo maana tuna chombo na vyombo, chumba na vyumba. "Chakula" ni kitu cha kula, na hiyo "cha" si chochote ila "ki" na "a" zilizoungana. Mwalimu anayesahihisha "chitu" ametamka "cha" na "changu" mara nyingi siku hiyo bila kucheka.

Nazali ndizo hodari zaidi wa kufuata majirani. Songea ina kata iitwayo Bombambili, na mwisho wa jina hilo husomeka "mbili". Watu ni wawili, vitu ni viwili, lakini nyumba ni mbili. Hapo "n" ya ngeli imevutwa na midomo ikawa "m", nayo "w" ikakazika kuwa "b". Kwa njia hiyohiyo ulimi ukiwa mmoja, wingi wake ni ndimi.

Kiyao kimekwenda mbali zaidi, kwani nazali hulifanya "t" linalofuata kuwa "d". "Kutuma" ni kutuma, lakini "kunituma mimi" ni "kuunduma". Katika Kiswahili mambo yalikwenda kinyume: mbele ya "p", "t" na "k" nazali ilipotea, ikaacha pumzi tu. Mwenyeji wa pwani hutamka "paa", mnyama wa porini, kwa pumzi hiyo, na "paa" la nyumba bila pumzi. Bara kwa kawaida maneno hayo hutamkwa sawasawa, na msikilizaji husubiri "paa huyu" au "paa hili" ndipo aelewe. Maandishi hayaonyeshi pumzi hiyo, kwa hiyo hakuna mtoto wa Songea anayepoteza alama ya imla kwa kuikosa.