Rangi za Timu ya Chuo: Nani Mwenye Kauli? (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tuliishia kwa wale wanachuo wa zamani wanaoshikilia kwamba rangi ya jezi ni urithi, haiguswi. Leo tuuchungulie urithi wenyewe.

Chuo cha Harvard, Marekani, hujivunia damu ya mzee. Ilianzaje? Mwaka 1858 wapiga makasia wawili, Benjamin Crowninshield na Charles Eliot, waliwanunulia wenzao leso nyekundu ili watazamaji wawatambue majini. Basi. Hakukuwa na kikao wala azimio. Baadaye majenta ikajipenyeza, hata gazeti la wanafunzi likaitwa The Magenta. Ubishi ulipamba moto hadi kura ya 1875 ilipoirudisha damu ya mzee, na gazeti nalo likabadili jina. Chuo chenyewe kiliidhinisha rangi hiyo mwaka 1910!

Hapa Eldoret swali ni gumu zaidi. Chepkoilel ilikuwa bewa la Chuo Kikuu cha Moi, ikawa chuo kishiriki mwaka 2010, na mwaka 2013 ikapewa hati yake kama Chuo Kikuu cha Eldoret. Aliyeichezea Chepkoilel mwaka 2005 ashangilie rangi zipi leo? Kwa maoni yangu, azishangilie azipendazo, ila asiwachagulie jezi vijana wanaotoka jasho sasa.

Lakini wabishi wote husahau kitambaa. Pamba hutiwa rangi katika maji ya nyuzi joto 60 hivi. Poliesta, ambayo ndiyo jezi nyingi za siku hizi, hutaka rangi za aina nyingine na joto la karibu 130, ndani ya mtambo wenye shinikizo. Ndiyo maana fulana ya pamba na jezi ya poliesta, zote "za kijani kilekile", zinaweza kufanana chini ya taa ya duka kisha zikaachana juani. Na jua la Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari, halina huruma: anika jezi za misimu mitatu kwenye kamba moja, utapata kijani tatu.

Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, papa hapa mjini, mwaka 2007. Ushauri hauko mbali. Kamati ya michezo na ikate kipande cha kitambaa, ikifungie gizani, na kila mshonaji alinganishe nacho.

Wiki ijayo: mdhamini anapokuja na nembo yenye rangi ya mahasimu.