Maumivu makali ya hedhi yasipuuzwe
Je, tumbo la hedhi hukuuma hadi ukashindwa kwenda kazini? Usikubali kuambiwa eti ndivyo wanawake walivyo. Huenda ikawa endometriosi, yaani utando unaofanana na ule wa ndani ya nyumba ya uzazi kuota nje yake.

Utafiti uliohusu wauguzi zaidi ya 112,000 wa Marekani, uliochapishwa 2022, ulionyesha kuwa wenye ugonjwa huu walikabiliwa na hatari ya kiharusi kwa asilimia 34 zaidi ya wenzao. Usitishike, waliopatwa hawakufika 1,000. Lililochangia zaidi ni kutolewa nyumba ya uzazi au ovari. Basi kabla ya kupasuliwa, muulize daktari kama ovari zaweza kuachwa, na upimwe shinikizo la damu.