Kilomita 64 za Kwanza

Mazungumzo yakigeukia magari ya umeme, swali la kwanza huwa ni lilelile: likijaa chaji, linakwenda kilomita ngapi? Nami huwarudishia wenzangu swali: wewe kwa siku unakwenda kilomita ngapi? Wengi hunyamaza kidogo wakipiga hesabu. Nyumbani hadi kazini, kazini hadi shuleni kwa watoto, sokoni, kurudi. Jibu karibu kila mara huwa dogo kuliko walivyodhani.

Kuna gari lililozaliwa kutokana na swali hilo la pili. Ni Chevrolet Volt, gari la maonyesho ambalo kampuni ya General Motors, yaani GM, ililifunua mjini Detroit, Marekani, Januari 2007. Gari la maonyesho huundwa moja tu, au machache, ili watu waone wazo. Haliuzwi, na mengi ya aina hiyo huishia ghalani. Volt halikuishia huko. Lilichukua karibu miaka 4 kushuka jukwaani na kufika mikononi mwa wanunuzi, na katika miaka hiyo limo somo zima la jinsi gari la haibridi ya kuchaji kwa plagi linavyotengenezwa.

GM ilikuwa na kidonda cha zamani. Kuanzia 1996 ilikuwa imetoa gari la umeme mtupu liitwalo EV1, zaidi ya 1,100 kwa jumla, ambayo wateja walikodishwa bila kuuziwa. Mikataba ilipokwisha kampuni iliyarudisha na mengi yakasagwa kuwa vyuma chakavu, huku baadhi ya waliokuwa wakiyaendesha wakiandamana kuyatetea. Kisha mwaka 2006 kampuni changa ya California, Tesla, ikaonyesha gari la michezo lililoendeshwa na maelfu ya seli ndogo za lithiamu, za jinsi ileile iliyokuwa kwenye kompyuta za mapajani. Bob Lutz, makamu mwenyekiti wa GM aliyesimamia utengenezaji wa magari mapya, aliona aibu. Akataka GM nayo ijenge gari la umeme mtupu.

Aliyemzuia ni mhandisi wake, Jon Lauckner, na alimzuia kwa hesabu.

Tuifanye hesabu hiyo kwa kipimo tunachokijua sote, uniti, ileile unayoinunua kwa ajili ya mita ya nyumbani. Gari la ukubwa wa Volt hutumia takribani uniti 10 kwenda kilomita 60. Ukitaka liende kilomita 300 bila kuchaji, unahitaji uniti 50, na zaidi ukitaka akiba. Miaka ile betri ya lithiamu ya gari ilikadiriwa kugharimu karibu dola 1,000 kwa kila uniti ya ujazo wake. Dola 50,000 zingekwisha kwenye betri kabla hujanunua hata kiti. Uzito nao haukuwa mdogo: betri ambayo Volt lilikuja kubeba, ya uniti 16, ilikuwa na kilo 198. Izidishe mara nne uone gari linavyojibebesha mzigo wake lenyewe.

Halafu mzigo huo wote ungekuwa wa nini? Takwimu za serikali ya Marekani zilionyesha kwamba karibu asilimia 78 ya wanaokwenda kazini husafiri maili 40 au pungufu kwa siku, kilomita 64 hivi. Betri ya kilomita 300 ingekuwa ghala ambalo sehemu yake kubwa halifunguliwi isipokuwa siku za safari ndefu. Lauckner akapendekeza betri ndogo ya kutosha hizo kilomita 64, na pembeni yake injini ndogo ya petroli ya kuzungusha jenereta. Siku za kawaida gari litembee kwa umeme uliochajiwa usiku nyumbani. Siku ya safari, chaji ikipungua, injini iwake izalishe umeme njiani.

Msomaji aliyezoea haibridi za Kijapani zilizojaa barabarani kwetu, kama Prius na Aqua, atauliza tofauti iko wapi. Kwenye Aqua, umeme wote asili yake ni petroli. Betri yake ni ndogo mno, na kazi yake ni kuokota nguvu ambayo ingepotea unapofunga breki, kisha kuisaidia injini unapoondoka. Huna mahali pa kuchomeka waya. Volt lina soketi, na lina betri inayoweza kuliendesha peke yake hadi mwendo wa barabara kuu. Aqua ni nyumba inayoishi kwa jenereta iliyo na betri ya kupunguza matumizi ya mafuta. Volt ni nyumba iliyounganishwa na gridi, jenereta ikingoja umeme ukatike.

Umbo la gari lililoonyeshwa Detroit lina mkono wa Mwafrika, na hilo halisemwi vya kutosha. Sura yake ya nje ilichorwa na Jelani Aliyu, Mnigeria aliyekulia Sokoto, akasoma Birnin Kebbi kabla ya kwenda chuo cha ubunifu hukohuko Detroit na kuajiriwa na GM. Alichora boneti ndefu, madirisha membamba, magurudumu makubwa: gari lililoonekana kama linataka kuruka. Lengo lake lilikuwa kuwafanya watu walipende gari la umeme kwa macho kwanza, na walilipenda.

Upepo haukulipenda. Lilipopimwa kwenye chumba cha upepo, umbo lile zuri lilionekana kukokota hewa vibaya, na kwa gari la umeme kasoro hiyo haivumiliki. Gari la petroli likipoteza nguvu kwa upepo, dereva hujaza tangi akaendelea. Gari lenye uniti 10 za kutumia, kila unachompa upepo unakitoa kwenye zile kilomita 64. Wabunifu wakarudi kazini kwa mamia ya saa: pua ikaviringwa, matundu ya mbele yakazibwa, kingo za nyuma zikakatwa kwa ncha kali ili hewa iachane na gari bila kujisokota. Gari lililouzwa lilikuwa na kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.28, kizuri kwa wakati ule, lakini halikufanana sana na lile la jukwaani. Baadhi ya mashabiki walisononeka. Mimi naona ndipo gari lilipoanza kuwa la kweli.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa betri. GM ilipolionyesha gari mwaka 2007 ilisema wazi kwamba betri ya kulitosheleza ilikuwa haijakamilika kwa uzalishaji. Yaani ilitangaza gari ambalo moyo wake ulikuwa bado haujapatikana, na kampuni mbili zikapewa mikataba ya kuutafuta: LG Chem ya Korea Kusini na A123Systems ya Marekani. Januari 2009 LG Chem ikachaguliwa. Seli zake ni bapa kama bahasha, 288 kwa jumla, zimepangwa kwa umbo la herufi T: mkono mmoja chini ya kiti cha nyuma na shina likipita katikati ya gari. Kwa sababu ya shina hilo Volt la kwanza lina viti vinne tu. Pale ambapo angekaa mtu wa tano imelala betri.

Betri hiyo ni ya uniti 16, lakini gari jipya lilitumia kama 10 tu. Nyingine zilikaa humo bila kuguswa. Mwanzoni jambo hili humshangaza mtu: mbona unalipia chakula usichokila? Sababu ni kwamba seli ya lithiamu huzeeka haraka ikijazwa pomoni au ikikaushwa kabisa, na huzeeka zaidi ikipata joto. Simu yako hufanyiwa hivyo kila siku, ndiyo maana baada ya miaka miwili au mitatu haimalizi mchana. Gari halina ruhusa hiyo. GM ilitoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwa betri, kwa hiyo wahandisi wakaiwekea kompyuta amri ya kuiweka chaji katikati, mbali na kujaa na mbali na kuisha. Kati ya seli wakapitisha vibati vyembamba vya alumini vyenye maji ya kupozea, ambayo wakati wa baridi kali huigeukia betri na kuipasha joto. Ukinunua gari lililotumika lenye betri, uliza lilivyopozwa kabla ya kuuliza umri wake.

Injini nayo ilibadilika. Ile iliyotangazwa jukwaani ilikuwa ya lita 1.0, silinda tatu, yenye turbo. Iliyokuja kuuzwa ilikuwa ya lita 1.4, silinda nne, bila turbo, ya ukoo ambao GM ilikuwa tayari ikiutumia kwenye magari mengine. Haikuwa na mvuto wa kusimuliwa, lakini ilipunguza gharama na muda. Muda ulikuwa adimu, maana Juni 2009 GM yenyewe ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Mradi wa Volt ulivuka dhoruba hiyo ukiwa hai.

Kisha, Oktoba 2010, ikajulikana kwamba injini ya petroli haikuwa ya jenereta peke yake. Chaji ikishapungua na gari likiwa katika mwendo mkubwa, klachi hufunga na injini ikasaidia kusukuma magurudumu moja kwa moja kupitia gia. Waandishi wa habari walikasirika, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba magurudumu yanasukumwa na umeme pekee. Nakubali kwamba kampuni ilikosea kutosema mapema. Lakini uhandisi wenyewe ulikuwa sahihi. Ukigeuza nguvu ya petroli kuwa umeme, kisha umeme kuwa mwendo, unapoteza kidogo katika kila mgeuzo, na barabara ya mwendo kasi ndipo hasara hiyo inapouma. Kuikwepa ni kumwokolea dereva mafuta.

Magari ya kwanza yalifika kwa wanunuzi Desemba 2010, kwa bei ya kuanzia dola 41,000 kabla ya nafuu ya kodi ya dola 7,500. Kwa vipimo rasmi yalikwenda kilomita 56 kwa umeme, si 64 zilizoahidiwa, na jumla ya kilomita 610 ukiongeza petroli. Halikuwa gari la kwanza la plagi na petroli kutengenezwa kwa wingi. Kampuni ya BYD ya China ilitangulia Desemba 2008 na F3DM. Mwaka 2011 Volt moja lililokuwa limegongeshwa kwenye jaribio la usalama lilishika moto wiki tatu baadaye likiwa limeegeshwa uwanjani, kwa kuwa maji ya kupozea yalikuwa yamevuja kwenye betri ambayo haikutolewa chaji. GM ikaimarisha vyuma vinavyoizunguka betri, na uchunguzi ukafungwa Januari 2012. Toleo la pili, la mwaka 2016, lilikuwa na uniti 18.4 na lilifika kilomita 85, likapita hata ahadi ya jukwaani. Utengenezaji ukakoma Februari 2019.

Ndani ya gari hili kuna jambo dogo ambalo nalirudia kila ninapofundisha. Wahandisi waligundua kwamba kutakuwa na madereva watakaochaji kila usiku na wasichome petroli kwa miezi. Petroli huchacha, na injini isiyowaka sili zake hukauka na oili huteremka yote. Kwa hiyo wakatengeneza tangi lililofungwa na kukaa na shinikizo ili mvuke usitoroke, wakaiamuru kompyuta ihesabu siku. Wiki 6 zikipita bila injini kuwaka, kioo cha dashibodi humwomba dereva ruhusa ya kuiwasha kwa dakika chache. Anaweza kuahirisha hadi kesho. Baada ya hapo gari huiwasha lenyewe, ikanguruma kidogo, ikapata oili, ikazima.